Risasi Mkononi mwa Mpimaji: Utayarishaji wa Sampuli za Jodari na Utafiti wa Mwaka 1980

Historia ya upimaji wa metali katika miili ya viumbe imezoeleka kuandikwa kama historia ya mashine. Hoja ya sehemu hii ni kwamba, kwa upande wa risasi, mageuzi makubwa yalitokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine.

Clair Patterson aliingia katika suala hili kupitia jiolojia. Alipokuwa akitafuta umri wa Dunia, aliouchapisha mwaka 1956 kuwa takribani miaka bilioni 4.55, alitambua kwamba risasi ya hewani, majini na vyomboni ingeweza kuizidi ile aliyokusudia kuipima. Katika Taasisi ya Teknolojia ya California alijenga maabara yenye hewa iliyochujwa. Vyombo vilioshwa kwa tindikali, na tindikali yenyewe ilisafishwa kwanza.

Mwaka 1980, yeye na Dorothy Settle walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu jodari. Mbinu yao ilikuwa uzimuaji wa isotopu: sampuli huchanganywa na kiasi kinachojulikana cha risasi iliyorutubishwa kwa isotopu moja, kisha uwiano wa isotopu hupimwa kwa spektromita ya masi. Mbinu hii humsamehe mpimaji anayepoteza sehemu ya sampuli baada ya mchanganyiko kukamilika, kwa kuwa uwiano haubadiliki. Anayeongeza haimsamehi. Risasi iliyotoka kwenye kisu au kidole huhesabiwa kuwa ya samaki. Ndiyo sababu hatua zote hurudiwa bila nyama yoyote, ili mchango wa maabara yenyewe ujulikane na kutolewa.

Watafiti hao walionesha kwamba risasi katika jodari wa makopo ilizidi kiwango cha asili mara 10,000, na kwamba makosa ya upimaji yaliificha hali hiyo kwa miongo kadhaa. Ufichaji huo unaeleweka: samaki mbichi akichafuliwa maabarani, kopo lililolehemiwa kwa risasi halionekani kuwa na hatia kubwa. Waliihusisha risasi ya vyakula na mifupa ya Wamarekani, iliyokuwa na risasi mara 500 zaidi ya mifupa ya watu walioishi Peru miaka 1,800 iliyopita.

Dai lao zito zaidi, ambalo kwa maoni ya mtafiti halijapewa uzito unaostahili, lilihusu biokemia: kwamba athari za risasi ya kiwango cha asili katika seli za binadamu huenda hazijawahi kuchunguzwa, kwani hata sampuli za ulinganisho zilikwisha kuchafuliwa.