Mfalme Aliyeketi Kuhesabu

Wapendwa, katika Luka 14 Bwana Yesu anatupa mfano wa mfalme anayetaka kwenda vitani. Ana watu elfu kumi, na adui anakuja na elfu ishirini. Kabla ya kuondoka, anaketi kwanza na kufanya shauri. Yesu alikuwa akifundisha gharama ya kumfuata. Lakini mwaka 1945 mfano huo ulitokea karibu neno kwa neno.

Mwezi Mei Ujerumani ilisalimu amri. Uingereza, Marekani na Umoja wa Kisovieti walikuwa wameshinda pamoja. Mwezi huohuo, huko London, maofisa wachache walikuwa wakifanya kazi ya siri. Waziri Mkuu Winston Churchill aliwataka wakadirie kama inawezekana kumpiga mshirika wa jana, Msovieti. Mpango uliitwa Operesheni Unthinkable, yaani jambo lisilowazika.

Tusimhukumu haraka. Uingereza iliingia vitani mwaka 1939 kwa ajili ya Poland, na sasa Poland ilikuwa chini ya majeshi ya Stalin. Uchungu wa Churchill ulikuwa na haki ndani yake.

Maofisa walitoa taarifa tarehe 22 Mei. Vita ingeanza tarehe 1 Julai. Walifikiria hata kuwapa silaha tena Wajerumani wapatao 100,000, watu waliokuwa adui majuma machache nyuma! Kisha wakahesabu. Kwa askari wa miguu Wasovieti waliwazidi kama wanne kwa mmoja. Kwa vifaru, wawili kwa mmoja. Hata ushindi wa haraka usingemaliza neno, kwa maana nchi ile pana ilikwisha kummeza Napoleon na Hitler. Askari walikuwa wamechoka, na vita ya Japani ilikuwa bado. Babu zetu wa KAR waliopigana Burma walikuwa hawajarudi wote nyumbani. Tarehe 8 Juni wakuu wa majeshi walimjibu Churchill kwamba vita hiyo ingekuwa ndefu, na uwezekano wa kushinda ni mdogo. Mpango ukafungiwa kabatini, watu wasiusome hadi mwaka 1998.

Namshukuru Mungu kwa washauri waliothubutu kumwambia mkubwa wao ukweli. Nimeona usharika ukijenga kanisa kwa umoja, na bati la mwisho lilipopigwa msumari, wajenzi wakagawanyika makundi mawili. Hakuna aliyeketi kuhesabu. Adui wa pamoja akiondoka, tofauti zilizokuwa zimefunikwa hujitokeza.

Lakini je, Poland? Hapa moyo wangu huuma. Hesabu iliyookoa maelfu haikuwapa Wapolandi haki yao. Walingoja hadi mwaka 1989. Kuacha vita si sawa na kuleta haki, na anayechagua amani asijisifu mbele ya anayeendelea kuteseka.

Mwaka huohuo wa 1989, katika Ujerumani Mashariki, Walutheri wenzetu wa Leipzig walikuwa wakikutana kila Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai kuombea amani. Tarehe 9 Oktoba watu kama 70,000 walijaa barabarani wakiwa na mishumaa. Askari hawakupiga risasi. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Majenerali walihesabu vema, lakini mishumaa haikuwa katika hesabu yao. Basi, ndugu, tukiketi kuhesabu gharama ya ugomvi, tuihesabu na sala.