Lakewood na Vitabu Vyake

Kusini mwa jiji la Los Angeles, ukipakana na Long Beach, upo mji mdogo uitwao Lakewood. Mgeni anayepita kwa gari hakuti cha kumsimamisha. Nyumba ndogo zisizo na ghorofa zimepangwa mstari baada ya mstari, kila moja na ukoka wake mbele, na katikati ya mji kuna maduka makubwa yaliyozungukwa na uwanja mpana wa kuegesha magari. Hakuna bandari, hakuna ngome, hakuna kaburi la mtu mashuhuri. Hata hivyo, ni vitongoji vichache sana vya Marekani vilivyopata waandishi wazuri kama wa mji huu.

Kabla ya mwaka 1950 sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa mashamba ya maharage, karoti na viazisukari, mali ya kampuni iliyoitwa Montana Land Company. Wafanyabiashara watatu, Louis Boyar, Mark Taper na Ben Weingart, waliinunua na kuijenga kwa kasi ambayo hadi leo inashangaza: nyumba 17,500 kwa takriban miaka mitatu. Mashine ilichimba mtaro wa msingi wa nyumba nzima kwa dakika 15. Mafundi waligawanywa vikosi. Hawa wanamwaga zege, wale wanasimamisha fremu za mbao, wengine wanapiga lipu, wengine rangi. Kila kikosi kikimaliza kazi yake kwenye nyumba moja kinahamia inayofuata. Jumapili ya Matawi ya mwaka 1950, ofisi ya mauzo ilipofunguliwa, watu walifika kwa maelfu. Wengi walikuwa askari waliotoka Vita Kuu ya Pili, ambao sheria iliwapa mikopo ya nyumba bila kutanguliza fedha, deni la kulipwa polepole kwa miaka 30.

Kumbukumbu ya kwanza ya mji huu ni picha. Wajenzi walimwajiri mpiga picha William Garnett aupige mradi wao kutoka angani, hatua kwa hatua: ardhi iliyosawazishwa, mitaro, sakafu za zege, fremu, mapaa, na mwishowe nyumba zilizokamilika. Picha hizo zina uzuri wa kutisha. Kivuli cha kila fremu kinaangukia mahali pale pale kama cha fremu ya jirani, na mti hauonekani hata mmoja. Wajenzi walizitaka ziwe ushahidi wa kazi yao. Baadaye wakosoaji wa ujenzi wa vitongoji walizichapisha wakiushtaki ujenzi huo: tazameni jinsi nchi inavyoharibiwa. Kwa muda mrefu Marekani iliijua Lakewood kwa picha hizo tu, zilizopigwa kabla ya familia nyingi kuhamia.

Mji ulipojaa, Long Beach ilitaka kuumeza. Mwaka 1954 wakazi walipiga kura kuwa mji unaojitegemea, na mwanasheria John Todd akawapa njia ambayo haikuwa imejaribiwa mahali pengine. Mji ungekuwa na halmashauri yake, lakini polisi, zimamoto na matengenezo ya barabara vingenunuliwa kwa mkataba, hasa kutoka Kaunti ya Los Angeles. Utaratibu huo ukaitwa Mpango wa Lakewood, na makumi ya miji ya California ikaufuata. Juu yake kuna kitabu cha mtaalamu wa siasa Gary Miller, *Cities by Contract*, kilichotoka mwaka 1981. Ni kitabu kikavu, ila kina hoja nzito: miji mingi iliyoiga mpango huo ilifanya hivyo ili kuzifungia kodi za wenye mali ndani ya mipaka yake na kuwaacha maskini nje. Mtu asiyeisoma hoja hiyo ataudhani uhuru wa miji hii kuwa ni suala la fahari ya wakazi peke yake.

Kisha akaja mwandishi Joan Didion. Machi 1993 wavulana wa sekondari ya Lakewood, wa kundi lililojiita Spur Posse, walikamatwa kwa tuhuma za kuwadhalilisha wasichana kingono. Mashtaka mengi yalifutwa, na baadhi ya vijana wakazungushwa kwenye vipindi vya televisheni. Didion aliandika makala ndefu katika gazeti la The New Yorker mwaka huo huo, na baadaye akaiingiza katika kitabu chake *Where I Was From* cha mwaka 2003. Hakuishia kwenye tabia za vijana. Alikitazama kiwanda cha ndege cha Douglas kilichokuwa jirani, kilicholishwa kwa zabuni za jeshi, akauliza ni nani hasa aliyegharimia maisha ya wafanyakazi hawa walioamini kwamba wameshakuwa watu wa tabaka la kati. Vita Baridi vilipokwisha zabuni zikapungua na kazi zikaondoka. Swali la Didion ni kali na la haki. Kasoro yake ni kwamba watu wa Lakewood katika maandishi yake ni ushahidi wa hoja kwanza, na majirani baadaye.

Aliyewaandika kama majirani ni D. J. Waldie. Alizaliwa mwaka 1948, akakulia katika nyumba ambayo wazazi wake waliinunua mwaka 1946, na akaendelea kuishi humo baada ya wote wawili kufariki. Alikuwa mtumishi wa halmashauri ya mji, na kwa kuwa macho yake hayakumruhusu kuendesha gari, alikwenda kazini kwa miguu. Njiani alitunga vifungu vya kitabu chake akilini. Ndiyo maana *Holy Land*, kilichochapishwa mwaka 1996, kina vifungu 316, vingine vya mistari miwili mitatu tu.

Waldie anapima. Anatoa vipimo vya kiwanja, futi 50 kwa 100. Anaeleza ukuta ulivyo: fremu ya mbao, karatasi ya lami, wavu wa waya, lipu juu yake. Anapofika kwenye kifo cha baba yake, aliyefia bafuni, anaueleza mlango: mbao zake na jinsi ulivyoundwa vizuri. Halii mbele ya msomaji, na huzuni inafika. Wala haufichi uovu. Anaeleza hati za zamani za kampuni ya Montana zilizokataza kuwauzia nyumba Weusi, Wamexico na Wayahudi, na anakumbusha kwamba waliokuja kuujenga mji huo walikuwa Wayahudi wenyewe. Mahakama Kuu ya Marekani ilizinyima hati za namna hiyo nguvu mwaka 1948, lakini wauzaji waliendelea kuwakwepa wanunuzi Weusi. Leo mji una watu zaidi ya 80,000, na hakuna kundi la asili moja linalofikia nusu yao.

Didion mwenyewe alikisifu kitabu hicho hadharani, jambo linaloonyesha kwamba hawa wawili hawakuwa wapinzani. Anayetaka kuujua mji huu aanze na Waldie, ajue nyumba zilivyo na akina nani wanalala ndani yake. Kisha amsome Didion ajue mshahara ulitoka wapi, na Miller ajue kodi ilikwenda wapi. Picha za Garnett azitazame mwisho, kwa sababu anayezitazama mwanzo huona mapaa tu.