Jina la mtu linapogeuka sifa

Kiingereza kina desturi ya kulichukua jina la ukoo, kulipachika kiambishi mwishoni na kulifanya kivumishi. Kiambishi -ian kina asili ya Kilatini. -Esque kilipitia Kifaransa kutoka Kiitaliano. Machiavelli amezaa "Machiavellian", Kafka amezaa "Kafkaesque". Jina la Shaw ilibidi kwanza livishwe sura ya Kilatini, ndipo likawa "Shavian".

Haki haizingatiwi sana hapo. George Orwell, ambaye jina lake halisi ni Eric Blair, alichapisha mwaka 1949 riwaya ya kuukemea utawala wa upelelezi na uongo. Leo utawala wa namna hiyo ndio unaoitwa "Orwellian".

Kiswahili huanzia mbele: Karl Marx ametupatia Umaksi na fikra za Kimaksi. Kwa majina mengi, hata hivyo, tunatumia -a unganifu tu, au tunaeleza. Msikilizaji wa Koboko akiambiwa "utawala wa Ki-Orwell" hatapata kitu. Akiambiwa "utawala unaowapeleleza raia na kupotosha ukweli" ataelewa mara moja.

Lakini hiyo -a fupi yaweza kuua. Idi Amin, Mkakwa mwenye asili ya Koboko, alipopinduliwa Aprili 1979, wakazi wa West Nile kwa jumla waliitwa "watu wa Amin", wakiwamo wakulima ambao hawakupata kushika bunduki. Kisasi kikafuata, na wengi wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, askari wa UNLA waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua.

Jina lenyewe halina kosa. Amin ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwaminifu, la mzizi mmoja na amana na imani zetu. Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Equatoria na kuweka makao yake Wadelai katika miaka ya 1880, alibeba jina hilohilo kwa matamshi ya Kituruki. Miongoni mwa askari wake wamo wahenga wa Wanubi wa Arua na Koboko.

Kwa hiyo mimi, ninapotafsiri, huandika "enzi ya utawala wa Amin" kwa miaka ya 1971 hadi 1979. "Watu wa Amin" hukiweka ndani ya alama za kunukuu. Na kwa kuwa redioni alama hizo hazisikiki, hutanguliza neno "walioitwa".