Chelezo, si "Alama ya Uvimbe"

Mpwa wangu alivuka kivuko cha Bweni jioni akafika Mwera na karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne. Juu imeandikwa CA-125, mbele yake 61. Chini, kwa kalamu ya mkono, mtu mwenye nia njema ameongeza: "Alama ya uvimbe imepanda." Binti wa watu alikuwa ameshajikagua. "Mjomba, nimejitazama tumbo zima kwenye kioo," akaniambia, "hiyo alama mbona siioni?"

Hospitali siitaji. Kosa si la aliyeshika kalamu, ni la waliomrithisha istilahi: kikao cha chai na sambusa kilichochukua maneno mawili ya Kiingereza, "tumour marker", kikafasiri moja moja, kikafungwa kwa dua. Alama kwa Mswahili ni kitu cha kuonekana: kovu, chale, doa, hata maksi za mtihani. Uvimbe nao ni kila kilichofura, kuanzia jipu hadi fundo la mbu. Kilichopimwa hapa hakionekani kwa jicho. Ni protini iliyomo katika damu, ambayo Robert Bast na wenzake waliifumania kule Boston mwaka 1981 kwa kingamwili waliyoibandika namba 125.

Kuna wanaotaka "kitambulishi". Kitambulishi hudai kumjua mtu kwa jina lake, na CA-125 haijawahi kumjua mtu. Mpaka uliozoeleka ni uniti 35 kwa mililita. Lakini namba yake hupanda kwa hedhi, kwa mimba, kwa faibroidi, kwa kifua kikuu kilichoingia tumboni, na kwa takribani nusu ya wanawake ambao saratani ya ovari ingali hatua ya kwanza, haipandi kabisa. Kitambulishi gani hicho? Wengine wameshika "kiashiria", neno ambalo wachumi na waandika ripoti wamelichosha hadi halina nguvu ya kuinua kidole. "Bayomaka" sitaijadili.

Neno langu ni chelezo, kile kinachoelea juu ya mtego wa mvuvi. Nililipeleka kwenye kikao fulani kwa barua miaka mitatu iliyopita, na nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba ni "neno la wavuvi, halina hadhi ya kitaalamu". Nimeitunza barua hiyo.

Hadhi! Saratani yenyewe ni nini? Ni Kiarabu cha kaa, yule yule anayekimbia upande pale Ushongo maji yakitoka. Wayunani walimwita karkinos, matabibu wao wakaona mishipa iliyotanuka kandokando ya uvimbe kama miguu ya kaa, na Waarabu wakafasiri kaa kwa kaa bila kuona haya. Unajimu wetu wa pwani una buruji ya Saratani mpaka leo. Basi ugonjwa umeruhusiwa kutoka pwani, kipimo chake kimezuiwa mlangoni?

Sasa tulichambue. Mzizi ni -elea. Chombo huelea majini. Jambo nalo humwelea mtu, yaani limemkaa wazi. Kutokana na hapo tunapata -eleza, ambayo ni kufanya kitu kielee na pia kufanya jambo lieleweke. Ukiambika ki- na -o unapata pacha wawili: kielezo, aliyekwenda shule na kubaki na ki- yake, na chelezo, aliyebaki baharini, ki- ikageuka ch- mbele ya irabu kama ilivyo katika chombo na cheupe. Mmoja anaeleza kwa maneno, mwingine anaeleza kwa kuelea. Wazee wakisema "moyo unanielea" wana maana ya kichefuchefu, na aliyewahi kutundikiwa dripu za dawa za saratani hahitaji kamusi kwa hilo. Nionyesheni istilahi ya kamati yenye nusu ya utajiri huu.

Tazama mvuvi wa dema. Mtego uko chini, hauonekani. Juu pana kamba na chelezo. Chelezo kikiyumba, mvuvi hatangazi samaki. Huenda ni maji ya bamvua, huenda ni kasa kapita. Na yako madema yaliyokatika kamba, yamekaa chini bila chelezo chochote. Ila dema unalolijua, uliloliweka mwenyewe, chelezo chake kina habari nyingi. Hivyo ndivyo CA-125 ilivyo. Uingereza waliwapima wanawake zaidi ya 200,000 kwa miaka mingi, na matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha kwamba kuwasaka wenye afya kwa kipimo hicho hakukupunguza vifo. Lakini mgonjwa aliyekwisha kujulikana, anayetibiwa katika taasisi ya saratani ya Ocean Road au kwingineko, namba yake ikishuka au kupanda kati ya dripu na dripu, daktari ana la kusoma.

Mpinzani mmoja alinikumbusha kwamba Mwanza chelezo ni mahali meli hujengewa. Najua. Mguu ni wa mtu na ni wa meza, na hakuna aliyewahi kuivisha meza kiatu. Mwingine alipendekeza "boya", mgeni wa Kireno, ambalo vijana wa sasa humwitia mtu mjinga. Amwandikie mama yake kwenye cheti.

Matumizi: chelezo cha saratani, wingi vyelezo, kimepanda, kimeshuka.

Mpwa wangu alionekana ana faibroidi, akapasuliwa, yuko salama. Mimi nimeandika barua ya pili. Safari hii nimeambatanisha chelezo chenyewe, kipande cha dumu la mafuta ya kula kilichofungwa kamba ya manila, bado kina chumvi. Ofisi ya vifurushi ya basi ilinitoza kwa ukubwa, si kwa uzito.