Samaki wa Kwale wako kwenye beseni Ulaya

Wasee, neno kiangazi linatuchanganya. Ulaya ikifika Juni, kuna watu hutoa samaki wao wa mapambo ndani ya nyumba na kuwaweka nje, kwenye mapipa na mabeseni bustanini, mpaka baridi ianze kuuma. Mbu wanataga humo, samaki wanakula viluwiluwi bure. Huku kwetu Taru, kiangazi ni silanga kubaki matope yaliyopasuka. Sasa cheki: baadhi ya samaki hao asili yao ni madimbwi ya pwani yetu, hata huku Kwale.

Wanaitwa Nothobranchius, jamii ya killifish. Na hapana, jina halijatoka Kilifi. Ni neno la Kiholanzi, kil, yaani mfereji wa maji.

Dume ni mfupi kuliko kidole chako cha kati, lakini rangi zake ni noma: magamba ya buluu, mkia mwekundu. Mvua ikijaza dimbwi, mayai yanaanguliwa. Wiki chache baadaye samaki ni wazima na wanataga kwenye tope. Dimbwi likikauka wanakufa wote, mayai yanabaki yamelala ardhini hadi mvua nyingine. Ndiyo maana unaona samaki mahali ambapo mwezi uliopita ng'ombe walikuwa wakipiga vumbi.

Mjerumani Georg Pfeffer aliwaandika wa Zanzibar, N. guentheri, mwaka 1893. Mwaka 1896, ujenzi wa reli ukianza Mombasa, akaandika N. melanospilus. Mwaka 1907 Msweden Einar Lönnberg akaongeza N. palmqvisti. Hawa wawili wa mwisho wanapatikana pwani ya kusini ya Kenya hadi Tanzania. Mwaka 1941 kuna makala ya jarida la madaktari wa Afrika Mashariki iliyowataja kama samaki wa kupambana na malaria, kwa sababu wanakula viluwiluwi. Kumbe ilijulikana zamani hivyo!

Halafu wakaja wafugaji. Uingereza walianzisha chama cha killifish mwaka 1965. Watu wa aina hiyo walikuja pwani na nyavu ndogo, na mwaka 1979 samaki wa Kikambala akapewa jina lake, N. interruptus. Ujanja wao ni huu: huhitaji kusafirisha samaki. Weka mayai kwenye udongo wenye unyevu kidogo, funga kwenye karatasi ya plastiki, tia posta. Mayai yakishakomaa, mwenzako anamwaga maji, kesho ana samaki.

Nawapa heshima kwa jambo moja. Hawachanganyi samaki wa madimbwi mawili, na kila ukoo una lebo ya mahali ulipotoka na mwaka. Yaani jina la kijiji cha huku limeandikwa kwenye beseni la mzee fulani Ujerumani, na kijijini kwenyewe vijana hawajui. Mimi nimesoma Kwale miaka yote na sikuwahi kusikia hata sentensi moja.

Na si mchezo wa wastaafu tu. Ndugu yao N. furzeri, wa Gonarezhou kule Zimbabwe, leo anatumika maabara kuchunguza uzee, kwa sababu anazeeka ndani ya miezi michache.

Sisi wa Taru maji ya msimu tunayajua. Misafara ya karne ya 19 ikitoka Mombasa ilitegemea maji ya mvua yaliyobaki kwenye mashimo ya miamba hapa; Joseph Thomson alipita nyika hii mwaka 1883. Lakini dimbwi la msimu watu huliona ni uwanja mtupu. Linafukiwa, linajengwa, udongo unachimbwa, na mayai yanapanda lori pamoja na udongo. Samaki wa mto angekimbia. Huyu ataenda wapi?

Mabeseni tunayo, kila nyumba. Mbu pia tunao. Nataka kuona shule moja ya Msambweni au Lunga Lunga ikipewa kibali, ichukue samaki wa dimbwi la jirani, iwaweke uani, na iandike lebo yake yenyewe.