Amplifaya Tatu za Huntingdon

Mwaka 1941, London ikiwa katika vita, Peter Walker alihamishia kiwanda chake Huntingdon, mji mdogo wa mashariki mwa Uingereza. Kampuni yake, iliyokuja kujulikana kwa jina la Quad, ilikuwa na umri wa miaka mitano tu.

Mwaka 1953 ilitoa amplifaya ya Quad II, iliyotumia vali. Vali ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Ndani yake mna chuma kinachopashwa moto hadi kitoe elektroni, na wavu mdogo unaozipitisha au kuzizuia kwa kufuata mawimbi ya muziki. Wavu huo ulibuniwa na Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Vali hutaka mamia ya volti, ilhali spika hutaka volti chache na mkondo mkubwa wa umeme. Ndipo katikati yao huwekwa transfoma, pande zito la chuma na waya wa shaba. Kwa uzito na joto lake lote, Quad II ilitoa wati 15.

Wakati huo transista ilikwisha kuzaliwa. Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walikuza mawimbi ya umeme kwa kipande cha gerimani. Hapakuhitajika kioo wala moto, na baadaye hata ile transfoma ya spika iliachwa. Lakini transista za mwanzo hazikustahimili joto. Isitoshe, mbili zilipokezana kazi, moja ikibeba nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini, na penye kupokezana pakabaki mkwaruzo. Uliudhi hasa muziki ulipopigwa kwa sauti ya chini. Hapo ndipo transista ilipopata sifa ya kuwa na sauti kavu.

Walker hakuwa na pupa. Quad 303, ya transista za silikoni, ilitoka mwaka 1967 ikiwa na wati 45 kwa kila spika. Mwaka 1975 ikafuata 405, ya wati 100.

Wapenzi wa vali hawakushawishika, hivyo mwaka 1978 amplifaya hizo tatu ziliwekwa mbele ya wasikilizaji wazoefu. Jaribio liliongozwa na James Moir, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Wireless World. Sauti zilisawazishwa, na hakuna msikilizaji aliyejua ni ipi inayopiga. Majibu yao hayakupita yale ya kubahatisha.

Hata hivyo, jaribio hilo lilizipima zikiwa ndani ya uwezo wao. Ukizidisha sauti, tofauti hujitokeza: vali hulemewa polepole, kilele cha wimbi kikiviringika, lakini transista hukikata ghafla kama kwa panga. Mwenye amplifaya ya wati 15 na spika zenye kiu ya umeme hufika huko mapema, na huenda akaupenda mviringo huo.

Ubishi haukuisha. Walker alifariki mwaka 2003. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imeingia mikononi mwa wengine, na hao wamerudi kuuza amplifaya za vali zenye jina la Quad II. Taa zikizimwa sebuleni, chupa zake hung'aa rangi ya makaa. Wasikilizaji wa Moir hawakupewa nafasi ya kuuona mng'ao huo.