Mtandao pasiwaya wa nyumbani

Mtandao pasiwaya wa nyumbani ni muunganisho wa vifaa vya nyumba moja, kama simu, kompyuta, televisheni na printa, kwa mawimbi ya redio badala ya nyaya. Wengi huuita waifai, kutokana na Wi-Fi, jina la kibiashara lililoanza kutumika mwaka 1999. Kiini chake ni ruta, kifaa kidogo kinachopokea na kusambaza habari. Makala hii inaueleza mtandao huo kwa kuzingatia mazingira ya Punia, mji wa kaskazini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kindu, makao makuu ya jimbo, uko zaidi ya kilomita 150 kusini mwake.

Mitandao miwili, mlango mmoja

Waifai si intaneti. Ruta ni mlango kati ya mitandao miwili. Wa ndani ni mali ya mwenye nyumba: unaunganisha simu ya mama na kompyuta ya mtoto bila malipo yoyote. Wa nje ni intaneti, nao hununuliwa kwa mega (megabaiti) au kwa ada ya mwezi. Mega zikiisha, mtandao wa ndani haufi. Ndiyo maana simu huonyesha alama ya waifai imejaa, ilhali ujumbe wa WhatsApp umebaki na kisaa chake, hauendi.

Ruta hukipa kila kifaa cha ndani anwani yake, mfano 192.168.1.5, na yenyewe mara nyingi hukaa kwenye 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Anayetaka kujua tatizo liko wapi aandike anwani ya ruta katika kivinjari cha simu. Ukurasa wa ruta ukifunguka, mtandao wa ndani ni mzima na hitilafu iko nje. Usipofunguka, aanze na ruta na umeme wake.

Asili

Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianzisha ALOHAnet, mtandao uliounganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu baadhi ya masafa yatumike bila leseni, na mwaka 1997 ikatolewa kanuni ya kiufundi ya 802.11, ambayo Wi-Fi hufuata hadi leo. Kasi ya mwanzo ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde.

Mawimbi na kuta

Ruta nyingi hutumia masafa mawili. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi. Hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Lile la gigahezi 5 lina urefu wa sentimita 6 hivi. Lina kasi kubwa lakini huchoka upesi. Ubao na udongo mkavu hupunguza mawimbi kidogo, tofali nene huyapunguza zaidi, na maji huyameza. Pipa la maji au majani mabichi yenye umande ni kizuizi cha kweli. Bati huyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo jiko la mabati nyuma ya nyumba laweza kukosa waifai hata kama liko hatua kumi tu kutoka kwenye ruta.

Intaneti inafikaje

Katika miji ya ndani ya Maniema, njia iliyo karibu zaidi na wengi ni mtandao wa simu: ruta ndogo yenye laini, au simu moja inayogawia nyingine. Njia ya pili ni setilaiti. Setilaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde kwenda na kurudi. Starlink hutumia setilaiti zilizo kilomita 550 hivi tu, hivyo huitika upesi. Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilionya kwamba huduma hiyo haina leseni nchini. Leseni ilitolewa Mei 2025.

Njia ya tatu ni kushirikiana. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net ulianzishwa mwaka 2016, ukiwapatia wakazi intaneti kwa mawimbi ya redio. Majirani wa mtaa mmoja wanaweza kujifunza hapo: gharama inayomshinda mmoja huwezekana ikibebwa na wengi.

Kufunga hatua kwa hatua

1. Weka ruta katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na bati, friji na mapipa ya maji. Kama ni ruta ya laini, tafuta kwanza dirisha ambako mtandao wa simu unashika vizuri.
2. Iunganishe na umeme, kisha unganisha simu yako nayo kwa jina na neno la siri vilivyobandikwa chini yake.
3. Fungua ukurasa wake, ubadilishe neno la siri la msimamizi, halafu jina la mtandao na neno lake la siri.
4. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. WEP ya zamani ilivunjwa tangu mwaka 2001, usiitumie.
5. Penye ruta za majirani, chagua chaneli 1, 6 au 11 kwenye gigahezi 2.4, kwa kuwa hizo hazigongani.
6. Zunguka na simu chumba kwa chumba, uone mawimbi yanapofifia.

Umeme na radi

Ruta nyingi hutumia umeme wa volti 12, sawa na betri ya sola. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu yake ili isichakae, ruta ya wati 6 itafanya kazi saa 7. Sahani ya setilaiti hula zaidi, makumi ya wati, na huhitaji betri kubwa.

Radi ni adui mkubwa kuliko giza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa vipimo vya setilaiti uliiweka Kampene, mji mwingine wa Maniema, miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kabisa duniani: mimweko 177 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mawingu yakianza kujikusanya, chomoa waya wa umeme na wa antena pia. Antena ya juu ya paa lazima iwe na waya wa kuelekeza radi ardhini.

Usalama

Neno la siri liwe refu: maneno manne yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na ni magumu kubahatisha. Mgeni apewe mtandao wa wageni, kama ruta inao. Kila baada ya muda tazama orodha ya vifaa vilivyoungwa. Kimoja usichokijua kinaweza kumaliza mega za wiki kwa usiku mmoja. Zima pia usasishaji wa programu wa simu unaojiendesha wenyewe.

Mtandao bila intaneti

Mtandao wa ndani una faida hata pasipo mega. Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huhifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye kompyuta ndogo, na simu zote za nyumba huisoma kupitia ruta. Mwalimu anaweza kuweka hapo vitabu vya darasa lake, na wanafunzi wakavisoma uani bila kununua chochote. Kwa familia ya Punia, basi, kitu cha kwanza cha kujenga ni mtandao wa ndani ulio imara, wenye betri na neno la siri. Intaneti ikija itaukuta tayari, na isipokuja watoto watasoma.